Mtoto mwenye mahitaji maalum anapoanza awali Mwanza: mwongozo kamili wa kumtafutia msaada wa gharama

Mzazi anayelea mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo, uziwi, uoni hafifu au ulemavu wa akili akiuliza fedha za kumsaidia mwanawe ziko ofisi gani, jibu la kweli ni kwamba hakuna ofisi moja. Hapa Mwanza, iwe Nyamagana, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa au Ukerewe, msaada umegawanyika vipande vipande. Kuna ulio chini ya elimu, ulio hospitali, ulio ustawi wa jamii, ulio TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ulio kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na unaotoka kwa wahisani. Kila kipande ni kidogo. Ukivikusanya, mtoto anaweza kumaliza mwaka wake wa awali bila kukatishwa na nauli au na kukosa pa kukaa.

Vipande vyote hivyo vina sharti moja: jina la mtoto liwe limeshaandikwa, pamoja na aina ya ulemavu wake, kabla fedha hazijagawanywa. Mtoto asiyeandikwa hana fungu. Nimeona wazazi wengi wakianza safari kwa kuomba kiti mwendo, wakati mtoto hana cheti, hana ripoti ya daktari na hayumo kwenye rejista ya mtaa. Wanazungushwa, wanachoka, wanarudi nyumbani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na karatasi, kisha ndipo uje kwenye hela.

Hatua ya kwanza: cheti cha kuzaliwa kabla hajatimiza miaka 5

Mkoa wa Mwanza ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuingia kwenye mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa umri chini ya miaka 5. Katika mpango huo cheti hutolewa bila malipo, kwenye ofisi ya mtendaji wa kata au kwenye kituo cha tiba. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto. Akishavuka miaka 5 unaingia kwenye utaratibu mwingine wenye ada na mzunguko mrefu zaidi, kwa hiyo usisubiri mpaka shule idai.

Hakikisha jina ni lilelile kila mahali. Kama cheti kinasema Masanja na kadi ya kliniki inasema Massanja, rekebisha mapema. Herufi moja inatosha kufanya ofisi mbili ziamini kwamba ni watoto wawili tofauti.

Hatua ya pili: vipimo, na karatasi inayosema kitu

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe ili upate rufaa. Kwa wengi wa mjini rufaa hiyo itakupeleka hospitali ya wilaya au Sekou Toure, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa mambo makubwa zaidi Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Ukiruka ngazi ukaenda moja kwa moja juu, unaweza kulipia kitu ambacho chini kingekuwa bure.

Sera ya afya inatoa matibabu bila malipo kwa watoto chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali. Hii ni sababu ya pili ya kuwahi. Ukifika mahali ambapo gharama ipo na huna uwezo, usiondoke kimyakimya. Kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kupitia maombi ya msamaha. Nenda na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayoeleza hali ya kaya yako. Wazazi wengi hulipa kwa kukopa kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mlango huo upo.

Kuna jambo naomba litiliwe maanani. Si kila mtoto anayeitwa mlemavu mtaani ana ulemavu wa kudumu. Masikio yanayotoa usaha kwa miezi, mtoto wa jicho, miguu iliyopinda tangu kuzaliwa, kifafa kisichotibiwa: haya yote yana matibabu, na mengine matokeo yake ni mazuri zaidi yakiwahiwa. Mtoto anayeitwa "bubu" huenda hasikii tu. Kichwa kinachokua kwa kasi isiyo ya kawaida ni cha kukimbizwa hospitali wiki hiyohiyo.

Kwa wenzetu wa Sengerema na Buchosa safari ya Bugando imepungua taabu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Hakuna tena kusubiri kivuko na mtoto mgonjwa mapajani. Wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine bado wanategemea maji, kwa hiyo wapange miadi ya macho, masikio na mazoezi ya viungo iangukie siku zinazofuatana. Mweleze muuguzi wa mapokezi kwamba umetoka kisiwani. Mara nyingi wanaelewa na wanakusogezea tarehe.

Unapotoka kwa daktari, usikubali kuondoka na neno moja tu lililoandikwa kwenye daftari. Omba ripoti fupi yenye muhuri inayotaja tatizo la mtoto, anachoweza na asichoweza kufanya, kifaa au tiba anayohitaji, na lini arudi. Sentensi kama "anaweza kukaa akiegemezwa, anashika kijiko, hawezi kwenda chooni bila msaada" inamsaidia afisa elimu kuliko jina la ugonjwa lenye maneno matano ya kitaalamu. Toa nakala kadhaa, na ile yenye muhuri isitoke nyumbani isipokuwa kwa kuonyeshwa tu.

Hatua ya tatu: ofisi ya mtaa

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji, kata, hadi halmashauri. Kazi za kamati hizi ni pamoja na kuwatambua watu wenye ulemavu katika eneo lao. Kuna mitaa ambayo kamati iko hai na inakutana, na kuna mitaa ambayo imebaki karatasini. Vyovyote iwavyo, mtendaji ana wajibu wa kuwa na rejista. Nenda, msalimu, eleza shida yako kwa utulivu, kisha omba uone kwa macho yako jina la mtoto likiandikwa. Angalia safu ya aina ya ulemavu isiachwe wazi. Nimeona rejista yenye safu nzima iliyojazwa neno "mlemavu" kuanzia juu mpaka chini. Rejista ya namna hiyo haiwezi kumwambia mtu wa halmashauri kama anunue fimbo nyeupe, shime sikio (kifaa cha kusaidia kusikia) au viti.

Ukiwa hapohapo omba barua ya utambulisho. Utaitumia shuleni, hospitali, na kwa wahisani.

Kama kaya yenu ni maskini, uliza habari za TASAF. Kipindi cha pili cha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kilichoanza 2020 kiliweka nyongeza ya ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu. Zipo kaya zilizoandikishwa kabla mtoto hajazaliwa au kabla ulemavu wake haujajulikana, na taarifa hazikusahihishwa. Ukiwa mnufaika, peleka ripoti ya daktari kwa mratibu kupitia mtendaji na uombe taarifa za kaya zihuishwe. Kama haumo kwenye mpango, hoja yako inapelekwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa au mkutano mkuu wa kijiji pale utambuzi wa kaya unapofanyika, kwa sababu majina hupitishwa mbele ya wananchi. Hapo ndipo mtoto aliyefichwa ndani anapokosa. Jirani asiyejua kuwa mtoto yupo hawezi kumtetea.

Kwa familia za uvuvi zinazohama kufuata samaki na dagaa, kutoka Igombe au Kayenze kwenda visiwani na kurudi: mkihama, chukueni barua ya uhamisho kwa mtendaji na kwa mwalimu mkuu. Mtoto mwenye ulemavu akipotea kwenye rejista mbili kwa mwaka mmoja, anaanza upya kote kuwili.

Hatua ya nne: kumwandikisha awali

Uandikishaji wa darasa la awali na darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba kwa ajili ya Januari. Umri wa awali ni miaka 5. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeufanya mwaka mmoja wa awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na lazima hiyo haikumtenga mtoto mwenye ulemavu. Sheria ya 2010 nayo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na mwenzake, katika shule ya kawaida, isipokuwa pale mahitaji yake yanapodai mawasiliano au huduma za pekee.

Ukiambiwa "huyu hatumuwezi, mpeleke shule ya walemavu", usigombane na mwalimu. Darasa la awali lilipangiwa wastani wa mwalimu 1 kwa watoto 25, na sote tunajua madarasa ya Mwanza yalivyo. Mwalimu anasema anachokiona. Wewe omba jambo moja: mtoto aandikishwe kwanza, kisha mwalimu mkuu amwandikie Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalum wa halmashauri ili mtoto afanyiwe upimaji wa kielimu. Upimaji huu ni tofauti na wa hospitali. Unaangalia anavyojifunza, anavyowasiliana, na kama abaki darasa la kawaida, ahamie shule yenye kitengo cha elimu maalum, au apelekwe shule maalum. Ilemela makao ya halmashauri ni Buswelu. Wa Nyamagana wanakwenda ofisi za Jiji.

Kuhusu bweni nitasema wazi. Shule kama Mitindo iliyoko Misungwi imewapokea kwa miaka mingi watoto wasioona na wenye ualbino, na kuna watoto ambao pasingekuwa na shule kama hiyo wasingesoma kabisa. Hata hivyo mtoto wa miaka 5 anamhitaji mama yake. Kama kuna shule ya kutwa yenye kitengo ambako anaweza kufika na kurudi, hata kwa taabu, tafuta hela ya nauli kabla ya kutafuta kitanda cha bweni.

Sasa jambo la Machi. Kila mwaka mwezi Machi shule hukusanya takwimu, na ndani yake kuna sehemu ya wanafunzi wenye ulemavu kwa aina. Takwimu hizo ndizo zinazopanda hadi halmashauri na wizarani, na ndizo zinazotumika kupanga walimu wa elimu maalum na vifaa. Mwezi Februari mwendee mwalimu wa awali, mwoneshe ripoti ya daktari, muulize kwa heshima: "Mwalimu, mwanangu ameingizwa kwenye takwimu za wenye mahitaji maalum?" Ikiwa mwalimu ndiye msomaji wa mwongozo huu, nakuomba usisubiri mzazi aulize. Mtoto mwenye uoni hafifu anayekaa kimya dawati la nyuma anapita kwenye takwimu kama mtoto asiye na shida.

Hatua ya tano: jua kilicho bure na kisicho bure

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia awali. Serikali inapeleka fedha za uendeshaji. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikitumika kwa vitabu. Ukiitazama hesabu hiyo unaelewa kwa nini mwalimu mkuu hawezi kutoa humo kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Ukimlaumu yeye unapoteza mshirika.

Sare, madaftari, chakula cha shule ya kutwa na matibabu viliachwa kwa mzazi. Kwa mtoto wetu kinaongezeka kikubwa kuliko vyote: usafiri. Wanaoishi milimani Mabatini, Igogo au Bugarika wanajua kwamba kiti mwendo kizuri kiasi gani hakiteremki kwenye ngazi za mawe. Kwa kaya hizo kuomba kiti mwendo cha barabarani ni kupoteza nafasi. Waombe nauli, au kiti cha kubaki darasani, na mtoto abebwe mgongoni mpaka bodaboda inapofika.

Andika mchanganuo kwa mwezi. Tuseme bodaboda inachukua shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, na shule ni siku 20: hizo ni 40,000. Weka nepi au nguo za kubadilisha kama hajaweza choo, uji, mafuta ya kukinga jua kama ana ualbino, dawa za kifafa, na nauli ya kliniki. Usiweke vitu kumi na tano. Weka vile ambavyo visipokuwepo mtoto hafiki darasani, uvipange kuanzia cha lazima zaidi. Mtu mwenye uwezo mdogo wa kusaidia atachagua kimoja akilipe. Akiona jumla ya laki nne bila mgawanyo, atasema Mungu akusaidie.

Hatua ya sita: barua, na kuipeleka kwa wakati

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele kupitia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kisha vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na baraza la madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka. Kwa hiyo barua ya Mei inakuta meza imekwisha kupangwa. Barua ya Oktoba au Novemba ndiyo yenye nafasi ya kuingizwa kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Barua ya dharura unaweza kuipeleka wakati wowote, ila tambua kwamba unaomba kilichobaki.

Pitisha barua kwa ngazi zake (K.K. ni kifupi cha "kwa kupitia"). Mfano wake ni huu, badilisha panapohitajika:

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela.
K.K. Mtendaji wa Kata
K.K. Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi (taja shule)

YAH: MAOMBI YA KITI CHA DARASANI KWA MWANAFUNZI WA AWALI MWENYE MTINDIO WA UBONGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa (jina la mtoto), mwenye umri wa miaka 5, anayesoma darasa la awali katika shule tajwa. Ameandikwa kwenye rejista ya watu wenye ulemavu ya mtaa wa (taja mtaa). Kwa mujibu wa ripoti ya daktari iliyoambatishwa, hawezi kukaa bila kuegemezwa, na sasa anakalishwa sakafuni wakati wenzake wanaandika. Naomba ofisi yako inisaidie kiti maalum chenye mkanda na meza ya mbele. Vipimo vya mtoto vimeambatishwa. Familia itagharamia usafiri wake wa kila siku.

Nakala: Afisa Elimu (Elimu Maalum), Afisa Ustawi wa Jamii.

Angalia sentensi ile ya mwisho. Kusema familia inachangia nini kunabadilisha sura ya ombi lote. Angalia pia kwamba barua inaomba kitu kimoja. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, andika tarehe, kisha rudi baada ya wiki mbili. Diwani wako naye apewe nakala mkononi, kwa sababu ndiye anayekaa kwenye baraza.

Vifaa: pima kabla ya kupokea

Vifaa saidizi hugawiwa kwa wingi karibu na Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Ni jambo jema. Tatizo linakuja mtoto wa miaka 5 anapopewa kiti mwendo cha mtu mzima kwa sababu ndicho kilichokuja. Anazama humo, mgongo unapinda, miguu inaning'inia, na baada ya miezi ana maumivu ambayo hakuwa nayo. Kwenye barua yako andika upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, na urefu wa mguu kutoka goti hadi kisigino. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini atakupimia kwa dakika chache.

Ukisubiri, kiti cha darasani kinaweza kutengenezwa. Fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza kiti cha pembeni: mbao mbili za nyuma zinazokutana kama kona ya chumba, zinazoshika mabega yasirudi nyuma, kigingi kilichofungwa sponji katikati ya mapaja, na meza inayochomolewa. Hata maboksi yanafanya kazi. Yanabandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa, yanakaushwa juani hadi yawe magumu kama ubao, kisha yanapakwa rangi ya mafuta yasinyonye maji. Mtaalamu wa mazoezi akague kabla mtoto hajakalia.

Kwa mtoto mwenye ualbino, kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni vifaa vya shule sawa na kalamu. Mafuta ya Kilisun yanatengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na hufikishwa kwa wenye ualbino kupitia kliniki za ngozi. Shirika la Standing Voice, ambao wamefanya kazi Mwanza na Ukerewe, ni miongoni mwa waliosaidia kliniki hizo. Mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha la jua. Hilo halina gharama. Vitabu vya maandishi makubwa na vya nukta nundu (maandishi ya kugusa kwa wasioona) huchapwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na huombwa kupitia afisa elimu, siyo dukani.

Hatua ya saba: kuisaidia shule yenyewe

Choo ambacho mtoto hawezi kuingia na kizingiti cha darasa ni gharama za shule, mzazi hapaswi kuzibeba. Kamati ya shule inaweza kuomba kwa Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu wa Taifa, na inaweza kumwandikia mbunge kupitia Mfuko wa Jimbo kwa kazi ndogo kama njia ya mteremko na mlango wa choo. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu agombee kuingia kwenye kamati ya shule. Akiwemo humo, mteremko unajengwa.

Kikundi cha wazazi na mikopo ya halmashauri

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa 2023, ukarejeshwa 2024. Kina mama wenye watoto wenye ulemavu wanaweza kusajili kikundi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na kuomba kwenye fungu la wanawake.

Huo ni mkopo. Utarudishwa. Usiombe kwa ajili ya kununua dawa au kulipa nauli, kwa sababu nauli haizai hela ya kurejesha. Omba kwa biashara ambayo mmeshaifanya kwa udogo, kama dagaa, kuku au mama lishe, na kwenye katiba ya kikundi andikeni kiasi cha faida kitakachokwenda kwenye nauli za watoto kila mwezi. Kikundi kina faida nyingine kubwa kuliko hela: zamu. Mama mmoja akikaa shuleni Jumatatu kuwasaidia watoto watatu chooni na kwenye uji, wenzake wawili wanakwenda sokoni. Msaidizi wa namna hiyo apate ridhaa ya mwalimu mkuu na kamati ya shule, jina lake liandikwe, na afahamike kwa wazazi wote. Kwa usalama wa watoto, hilo lisirukwe.

Makanisa, misikiti na vikundi vya kuweka na kukopa vinasaidia, hasa ukipeleka mchanganuo wako wa kipengele kimoja kimoja. Wapewe risiti na mrejesho. Anayetaka kumpiga mtoto picha kwa ajili ya mtandao, mzazi ana haki ya kukataa na msaada ukabaki palepale.

Chekechea binafsi na vituo vya mchana

Vituo vya kulelea watoto mchana husajiliwa kupitia ustawi wa jamii, na ada yake ni ya mzazi. Elimu bila ada haihusu shule binafsi. Kabla ya kulipa uliza nani atamsaidia mtoto chooni, amesomea nini, na kama kuna makubaliano ya maandishi. Ukiambiwa ada ni mara mbili kwa sababu ya ulemavu, omba mchanganuo wa hiyo nyongeza. Kama ni ya msaidizi, muoneshwe huyo msaidizi.

Ukikwama

Mtoto akikataliwa kuandikishwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kukataa kunaishia hapo. Kukiendelea, nenda kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu wa halmashauri anayeshughulikia elimu maalum, na Afisa Ustawi wa Jamii ambaye Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto. Matawi ya vyama vya watu wenye ulemavu, kama CHAVITA kwa viziwi, chama cha wasioona na chama cha wenye ualbino, yanajua maafisa kwa majina na yatakusindikiza. Kama mtoto anafungiwa, anapigwa au anatelekezwa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure, na jirani naye anaweza kupiga.

Kabla mwaka wa awali haujaisha

Kufikia Septemba keti na mwalimu wa awali. Mwombe aandike ukurasa mmoja: mtoto alipoanza alikuwa anafanya nini, sasa anafanya nini, nini kilimsaidia, nini kilimkasirisha au kumwogopesha. Weka ukurasa huo pamoja na cheti, ripoti ya daktari, matokeo ya upimaji wa kielimu na nakala za barua zenye mihuri. Oktoba, uandikishaji wa darasa la kwanza unapofunguliwa, peleka faili hilo kwa mwalimu atakayempokea, umweleze ni kifaa gani kinahama na mtoto na kipi kimebaki mali ya darasa la awali. Kama kiti kimekuwa kidogo, mpime tena mwezi huohuo ili vipimo vipya viingie kwenye barua ya Novemba.